Kozi ya Tano

Swali tunalokusudia kulijadili hapa litaonekana dogo machoni pa wasomaji wengi, na huenda wengine wakasema kwamba halistahili kuwekwa mbele ya chama cha walimu. Mwezi uliopita, usiku, baada ya kusahihisha madaftari, tulikaa na simu mkononi tukitazama tangazo la kozi ya gitaa la jazi: jinsi ya kubuni mahadhi papo kwa papo, masomo 80 ya picha na sauti, kwa mwalimu hodari wa ng'ambo. Bei yake ilikuwa dola 120, lakini kwa usiku ule tu ilikuwa imeteremshwa hadi dola 60, na chini ya tangazo palikuwa na saa iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma. Kidole kilikuwa tayari. Kilichotuzuia hakikuwa busara, bali hesabu ndogo iliyotujia ghafla: hiyo ingekuwa kozi yetu ya tano, na hatujapata kumaliza hata moja.

Tuseme wazi mali tuliyo nayo. Ya kwanza ni kitabu cha Mickey Baker, kilichotoka Marekani mwaka 1955, chenye masomo 52. Tumefika somo la 9. Ya pili ni sehemu ya mfululizo wa Jamey Aebersold wa jimbo la Indiana, ambaye tangu mwaka 1967 alitoa santuri za namna ya pekee: wapiga piano, besi na ngoma wanaucheza wimbo mzima, na nafasi ya mpigaji mkuu wanamwachia mwanafunzi aliye nyumbani kwake. Mfululizo huo ulizidi juzuu 130. Sisi tunazo sita, na ni moja tu tuliyoizoea. Ya tatu na ya nne ni kozi za video. Moja ina masomo 60, tumetazama 7. Nyingine ina masomo 100, tumetazama 12. Tunasema “tumetazama” kwa makusudi, maana kutazama na kujifunza si kitu kimoja, na hilo kila mwalimu analijua hata asipolikiri.

Wasomaji watatusamehe tukiondoa kwanza lile lililo rahisi. Kama ada ya watoto ingekuwa haijalipwa, au kama nyumbani pangekuwa na mgonjwa asiye na dawa, pasingekuwa na swali lolote. Mtu angeona aibu hata kulitazama tangazo. Lakini ada ya watoto wawili walio sekondari imelipwa, unga upo, na fedha hizo zilitokana na masomo ya jioni tuliyofundisha kwa jasho letu. Hakuna aliyedhulumiwa. Basi swali linabaki tupu, bila kisingizio cha umaskini: je, mtu mwenye uwezo wa kununua elimu nyingine, na mwenye hamu ya kweli ya elimu hiyo, anakosea nini akiinunua ilhali zile za awali zimelala?

Mwenzetu mmoja anayefundisha hisabati alitucheka tulipomweleza. Alisema wapo wanaomaliza dola 60 kwa bia katika mwezi mmoja, wala hakuna anayeandika insha juu yao. Neno lake lina uzito, nasi tulilibeba kwa siku kadhaa. Hata hivyo tuliona tofauti. Mnywaji wa bia anajua alichonunua. Akiulizwa kesho yake, atasema alinunua bia, akainywa, ikaisha. Sisi tukiulizwa tutasema tulinunua ujuzi, na huo si ukweli. Hapo ndipo tulipotambua kwamba jambo hili si la mfuko. Ni jambo la ukweli ambao mtu anajiambia yeye mwenyewe akiwa peke yake, pasipo shahidi.

Kabla ya kuendelea, inafaa tueleze kitu chenyewe, kwa kuwa katika nchi zetu neno “jazi” lilichukua njia yake. Bendi zetu kubwa za dansi zilijipa jina hilo, kama OK Jazz iliyozaliwa Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, mwaka 1956, na Morogoro Jazz ya Tanzania; lakini muziki wao ulikuwa rumba na dansi, wala haukuwa ule wa Wamarekani weusi uliopewa jina hilo kwanza. Jina lilivuka bahari, kitu chenyewe kikabaki ng'ambo au kikaja baadaye kwa santuri. Hatusemi hivyo kwa kuwadharau wazee wetu. Twasema tu kwamba mtu wa Lubumbashi anayetaka kupiga gitaa kama walivyopiga wale wa Indianapolis au New York hawezi kutegemea kwamba alilelewa ndani yake. Anahitaji kujifunza, kama vile mgeni ajifunzavyo lugha.

Na kazi yenyewe ni hii. Upo wimbo wenye vipimo 32, au 12 ikiwa ni bluzi. Chini yake akodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, hubadilika kwa utaratibu unaojulikana. Wapigaji wanapiga wimbo mara moja kama ulivyotungwa; kisha utaratibu ule wa akodi unazunguka tena na tena, na kila mpigaji kwa zamu yake anabuni mahadhi mapya juu yake, hapo hapo, mbele ya watu, bila kusimama. Anayefundisha ushairi ataielewa hali hii upesi kuliko wengine. Malenga aliyesimama ngomani akitupiwa fumbo hana nafasi ya kwenda kutafuta kina kwenye kamusi. Vina na mizani vimekwisha kuwa pumzi yake, naye anashughulika na maana. Akikosea mizani, wasikilizaji wanasikia. Akisema neno tupu lenye mizani sahihi, wanasikia pia, na hiyo ni aibu kubwa zaidi.

Sasa tujiulize: mtu anayenunua kozi anapata nini hasa? Anapata maarifa, bila shaka, ingawa sehemu kubwa ya maarifa hayo tayari anayo katika vile vitabu vya awali. Ngazi za sauti hazibadiliki kwa kuwa mwalimu amebadilika. Anapata pia utaratibu: hili kwanza, lile baadaye. Lakini tukijipima kwa haki, hatukuwa na kiu ya maarifa wala ya utaratibu usiku ule. Tulikuwa na kiu ya matumaini. Tunakumbuka vizuri usiku tuliponunua kozi ya nne. Hatukugusa gitaa kabisa, lakini tulilala kwa raha kama watu waliofanya mazoezi saa tatu. Siku ya pili tulitembea kwenda kazini tukijihisi wapigaji. Raha hiyo ilikuwa juu kabisa saa ya kulipa, ikashuka kidogo somo la kwanza, na ilipofika somo la nne, ambapo vidole vilitakiwa kurudia jambo lile lile mara hamsini kwa mwendo wa polepole, ilikuwa imekwisha. Wazungumzaji wa lugha yetu wana ndege aitwaye kozi, mwindaji mkali, na wahenga walimtolea methali kwamba akilala na njaa ni kwa kupenda kwake. Hatujui kama wahenga waliziona hizi kozi zetu za muziki zikija.

Mama watoto, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliuliza swali moja tu alipoona tangazo: “Baba watoto, ile ya kwanza ilikufundisha nini?” Tulifungua kinywa kumjibu kwa habari za akodi na ngazi, akatungoja tumalize, kisha akasema, “Basi tupigie.” Tulisema gitaa halijatiwa sauti. Lilikuwa limetiwa sauti asubuhi ile.

Wanaotaka kutetea upande wa kutonunua hupenda sana kumtaja Wes Montgomery, nasi hatuna budi kumtaja, maana yeye ndiye aliyetutia ugonjwa huu. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1923 na kufariki huko huko mwaka 1968. Hakujua kusoma noti. Alianza gitaa la umeme akiwa na miaka ipatayo ishirini, umri ambao walimu wengi wa muziki wangesema amechelewa. Mchana alifanya kazi kiwandani, usiku alipiga vilabuni, na alikuwa na watoto wengi wa kulisha. Alitumia kidole gumba badala ya kile kipande kigumu ambacho wengine hukitumia kugusia nyuzi, na inasimuliwa kwamba sababu ilikuwa majirani, waliochoshwa na kelele za amplifaya. Alisafiri na bendi ya Lionel Hampton kuanzia mwaka 1948 hadi 1950, akarudi nyumbani kiwandani, na ilimchukua mpaka mwaka 1959, akiwa na miaka 36, ndipo dunia ikaanza kumsikia kwa santuri zake mwenyewe. Mtu huyo hakununua kozi hata moja. Basi, husema watetezi, tupeni vitabu, tukae na gitaa.

Lakini hapo tunasita. Sisi ni walimu. Hatuwezi kushangilia habari ya mtu asiyesoma kana kwamba kutosoma ndiko kulikompa kipaji. Tena habari yenyewe ikichunguzwa haisemi hivyo. Montgomery alikuwa na kozi. Kozi yake ilikuwa santuri za Charlie Christian, kijana aliyelelewa Oklahoma City, aliyejiunga na Benny Goodman mwaka 1939 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1942, akiwa na miaka 25. Ukikusanya yote aliyoacha Christian katika miaka ile michache si mengi. Montgomery alizisikiliza solo zake na kuzishika moja moja kwa sikio, sauti kwa sauti, mpaka akaweza kuzipiga zote. Inasimuliwa kwamba kazi yake ya kwanza klabuni ilikuwa kupiga solo hizo za Christian, na zikiisha alinyamaza, maana hakuwa na nyingine.

Tuliposoma habari hiyo mara ya kwanza tulicheka. Siku hizi haituchekeshi. Mtu anayemaliza alichonacho hata akanyamaza mbele ya watu, na kesho yake akarudi, anajua mahali mpaka wa ujuzi wake ulipo. Sisi hatujui mpaka wetu uko wapi, kwa sababu kila tukiukaribia tunanunua kitu kingine. Hivyo shindano si kati ya kitabu na sikio, wala kati ya msomi na asiyesoma. Shindano ni kati ya kimoja kilichofikishwa mwisho na vingi vilivyoachwa njiani. Mpiga piano Lennie Tristano, kipofu aliyekuwa mwalimu mashuhuri New York, aliwataka wanafunzi wake wachukue solo ya mpigaji mkubwa, wamsikilize mpaka waweze kuiimba yote kwa kinywa, kabla ya kuigusa kwa ala. Wengi walianzia kwa Lester Young. Santuri moja, koo moja, majuma mengi. Bei yake ni ile santuri tu.

Na hata Mickey Baker, ambaye kitabu chake kiko mezani tunapoandika, hakuanza kwa wingi wa kuchagua. Alitaka tarumbeta. Alikuwa na dola 14, na katika maduka ya vitu vilivyowekwa rehani fedha hiyo haikutosha kitu ila gitaa. Akachukua gitaa.

Twende sasa kwa wanafalsafa, ingawa hatutakaa kwao sana. Plato, katika mazungumzo yaitwayo Faidro, anasimulia habari ya mfalme wa Misri aliyeletewa ugunduzi wa maandishi akaukataa, akisema kwamba utawapa watu sura ya hekima bila hekima yenyewe. Seneka wa Roma naye aliwadhihaki wenye maktaba kubwa ambao maisha yao yote hayatoshi kusoma hata vichwa vya vitabu vyao. Maneno hayo yanatuchoma, lakini ni mepesi mno kwa swali letu. Aliye mzito ni Aristotle. Yeye alifundisha kwamba stadi zinapatikana kwa kuzitenda: kwa kujenga tunakuwa wajenzi, kwa kupiga kinubi tunakuwa wapiga kinubi. Wengi humnukuu mpaka hapo wakaacha. Lakini mara tu baada ya hapo anaongeza jambo ambalo lilitusumbua zaidi: kwa kupiga huko huko kinubi hutokea wapigaji wazuri na wabaya pia, na kama isingekuwa hivyo kusingekuwa na haja ya mwalimu.

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa kununua, na haifai kuipita mbio. Kwa maana huenda tumekuwa tukifanya mazoezi ya makosa. Huenda zile kozi nne zilishindwa si kwa uvivu wetu, bali kwa kuwa zilianzia mahali pasipotufaa, na hii ya tano, inayoanza kwa sikio badala ya ngazi, ingetufungulia mlango. Mgonjwa aliyejaribu dawa nne bila kupona halaumiwi akijaribu ya tano. Mwalimu mwenye hekima hubadilisha njia mwanafunzi asipoelewa. Kwa nini asiibadilishe anapojifundisha mwenyewe? Twakiri kwamba kwa muda wa siku mbili hoja hii ilitushinda, na laiti saa ile ya tangazo ingekuwa bado inakwenda, tungelipa.

Kilichoivunja ni kufikiri zaidi juu ya neno “mwalimu”. Mwalimu wa Aristotle anasikia. Anakaa karibu na mpiga kinubi, na kidole kikiteleza anasema: hapo. Kozi haisikii. Inasema jambo lile lile kwa aliyepatia na kwa aliyekosea, kwa aliyefanya mazoezi na kwa aliyelala. Ina subira isiyo na mwisho kwa sababu haina habari nasi. Na mgonjwa wa mfano wetu, yule wa dawa nne, je, alizinywa? Akizificha chini ya mto akaenda kwa mganga wa tano, tutasema anatafuta afya, au anatafuta kuonekana akitafuta afya?

Basi tulimwendea mzee mmoja wa mtaa wetu. Aliwahi kupiga gitaa katika vilabu vya wafanyakazi wa migodi miaka ya 1960, na hata leo hupiga jioni, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao chini ya mwembe. Tulikuwa tukimsalimu kwa miaka kumi bila kumwuliza neno. Tulimweleza shida yetu kwa kirefu: kozi nne, ya tano, ngazi saba za namna saba, akodi na majina yake. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akatupa gitaa lake na kusema, kwa Kiswahili cha mji wetu ambacho walimu hukisahihisha bure: “Mwalimu, piga mwimbo moja tu, mpaka mwisho.”

Tulianza. Kipimo cha kumi na moja kikatupotea. Tukaanza tena, kikapotea mahali pengine. Hakucheka, na afadhali angecheka. Akasema, “Acha gitaa. Imba kile unachotaka kupiga.” Tukanyamaza. Wasomaji, tunaandika jambo hili kwa uzito: hatukuwa na kitu kooni. Vidole vilikuwa na habari nyingi za mahali pa kwenda, lakini hapakuwa na mtu ndani aliyetaka kusema neno. Miaka sita ya kozi, na tulikuwa kama mwanafunzi anayejua majina ya ngeli zote za nomino lakini hawezi kumwambia jirani kwamba amefurahi kumwona.

Mzee alichukua gitaa akapiga wimbo wa Mwenda wa Bayeke, yule Jean-Bosco aliyezaliwa mwaka 1930 katika jimbo letu hili na ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Alipomaliza akaupiga tena, na mara ya pili haukuwa ule ule. Besi ilitembea kwingine, na mwishoni aliongeza kitu akatabasamu. Hili si jambo geni kwa wanaomjua Mwenda. Mtaalamu David Rycroft aliandika makala mwaka 1961 na 1962 juu ya ubunifu wa papo kwa papo katika gitaa lake, akiweka kwenye noti jinsi mpigaji alivyogeuza kile kilichoonekana kimoja. Na mpiga gitaa John Low, ambaye santuri hizo alikuwa nazo, hakutosheka nazo. Alisafiri mpaka Shaba kuwatafuta wapigaji wenyewe, na kitabu cha safari yake kilitoka mwaka 1982. Watu wa mbali walikuja huku kukaa karibu na mkono unaopiga. Sisi tuliokuwa hatua mia mbili kutoka mkono kama huo tulikuwa tukihesabu dola za kutuma mbali. Hatusemi kwamba muziki wa Mwenda na wa Montgomery ni mmoja. La hasha, sikio lolote litakana. Lakini swali “unataka kusema nini?” ni moja kwa wote wawili.

Hapa inatubidi tuwe waangalifu, tusije tukawaonea watengenezaji wa kozi. Wengi wao ni wanamuziki wa kweli ambao santuri haziwalishi tena, na kufundisha kwa video ni mkate wa halali. Kumlipa mtu kwa ujuzi wake ni haki. Tuliwaza hata kinyume chake: je, kununua kozi na kuiacha si aina ya utovu wa adabu kwa aliyeitunga? Mwanafunzi anayelipa ada na kuketi nyuma ya darasa muhula mzima bila kufungua daftari hamfurahishi mwalimu kwa kuwa amelipa. Mwalimu mwenye moyo angetaka ada ipungue na daftari lifunguliwe. Isipokuwa ile saa inayohesabu kurudi nyuma: hiyo hatuwezi kuitetea. Aliyeiweka anajua kwamba mtu akipewa siku tatu za kufikiri hatanunua, naye amechagua kumnyima siku hizo.

Na sisi walimu wa Kiswahili tusijifanye tuko mbali na jambo hili. Kila mwaka, mtihani unapokaribia, wanafunzi wetu hubeba miongozo mitatu minne ya kitabu kimoja cha fasihi, na kitabu chenyewe hawajakisoma. Nasi mara nyingine ndio tunaowauzia. Huenda kwa sababu hiyo tunakipenda zaidi kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, ambamo sheria za kutunga mashairi na diwani ya mtunzi mwenyewe zilifungwa katika jalada moja. Msomaji akichoka na sheria anageuza kurasa akakutana na mashairi. Akishangazwa na shairi anarudi kwenye sheria. Aliyefundisha aliweka kazi yake pale pale, ipimwe. Tumetumia kitabu hicho darasani, na tumeona kwamba wanafunzi waliotoka na beti zao wenyewe walikuwa wale waliokariri mashairi mawili matatu mpaka wakaanza kuyachokoza, si wale walioweza kutaja bahari zote kwa majina.

Wengine watatujibu kwa msemo kwamba elimu haina mwisho. Msemo huo ni wa kweli na ni wa hatari. Tumeutumia sisi wenyewe kama pazia. Kwa kuwa elimu haina mwisho, hakuna siku ambayo mtu anaweza kudaiwa matunda yake. Tulichukua karatasi tukapiga hesabu ambayo tungepaswa kuipiga zamani. Mwendo wetu, kwa jioni mbili za wiki, ni somo moja kwa wiki mbili. Kitabu cha Baker kimebakiza masomo 43, kozi ya tatu 53, ya nne 88. Jumla 184, yaani wiki 368, ambazo ni miaka 7 na wiki nne, bila ugonjwa, bila msiba, bila mitihani ya serikali. Tuna miaka 54. Kozi ya tano, kama ingesubiri zamu yake kwa haki, ingefunguliwa na mtu wa miaka 61. Hatumjui mtu huyo. Hatujui kama vidole vyake vitakuwa na baridi yabisi kama vya baba yetu, wala kama bado atampenda Wes Montgomery. Tulikuwa tunataka kumnunulia zawadi ya dola 60, naye aliye hapa leo tulikuwa tukimnyima nusu saa.

Ile bei ya usiku mmoja ilikwisha saa sita. Kesho yake asubuhi tulitazama tena, kwa udadisi tu kama tulivyojiambia, na tukakuta saa imeanza upya, ikihesabu kurudi nyuma kutoka mwanzo, kwa bei ile ile ya dola 60. Hatukununua. Lakini hatutaki wasomaji watusifu. Mpaka tunaandika haya tangazo hilo hatujalifuta, na wiki iliyopita, baada ya jioni mbaya ya mazoezi, tulilifungua tena tukakaa nalo kitambo.

Tumechagua bluzi moja ya vipimo 12 na solo moja ya Charlie Christian. Solo hiyo tunaiimba njiani tukienda shuleni, kwa sauti ndogo, na wanafunzi wameanza kutuigiza. Nusu ya kwanza imeingia kooni, ya pili bado. Kwa mzee tunakwenda kila Jumamosi saa kumi. Hataki fedha, ila alisema nyuzi zake mbili za juu zimechakaa. Jumamosi iliyopita ilikatika moja katikati ya kipimo cha tisa, akaendelea kupiga kwa nyuzi tano mpaka mwisho, akatuambia sasa ni zamu yetu. Kesho tutapitia sokoni kununua nyuzi kabla ya kwenda kwake.